Imani, Huruma na Dawa: Kupona Hutoka Wapi?

Ukitembea mjini Nakuru siku ya Jumamosi, kutoka stendi ya matatu mpaka soko la Wakulima, utaona kwamba nguzo za stima zina maneno mengi kuliko gazeti. Hapa kuna bango la mkutano wa injili: njoo na mgonjwa wako, viwete watatembea. Chini yake kuna karatasi ya mganga aliyetoka mbali, mwenye dawa ya kisukari, ya mapenzi na hata ya kesi mahakamani. Ng'ambo ya barabara kuna kemisti, na juu ya kemisti kuna kliniki. Wanaokwenda huku na wanaokwenda kule ni watu wale wale. Mama aliyenunua vidonge asubuhi, adhuhuri utamkuta uwanjani ameinua mikono.

Chama chetu cha Kiswahili kilipouliza ni nani ataandika juu ya dini katika toleo hili, wengi waliangalia sakafu. Siwalaumu, jambo lenyewe ni kaa la moto. Nilikubali kwa sababu kuna swali moja tulilobishania bwenini mpaka taa zikazimwa: mgonjwa akipona, amepona kwa maombi au kwa dawa? Katika makala haya nitajaribu kueleza kwamba swali hilo tumeliuliza vibaya, na kwamba Ukristo wenyewe, ukisomwa pole pole, hauliulizi hivyo. Wenzetu Waislamu watanivumilia. Nitazungumzia mambo ya Kikristo kwa kuwa ndiyo niliyolelewa ndani yake.

Tuanze na maneno, maana sisi ni wanachama wa lugha. Kiswahili husema mtu "amepona" malaria, na husema pia kwamba abiria "amepona" katika ajali pale Salgaa. Neno ni moja. Mmoja ametoka katika ugonjwa, mwingine ametoka katika hatari, na wote wawili wameponea chupuchupu. Sasa, mwalimu wetu wa dini alitueleza kwamba hata Kigiriki, lugha ambayo Agano Jipya liliandikwa, kina neno moja linalobeba maana zote mbili, kuponywa na kuokolewa. Ndiyo sababu watafsiri wa Biblia huandika mahali pengine "imekuponya" na pengine "imekuokoa" wakati neno la asili ni lile lile.

Kisha tuna neno "mzima". Tukisalimiana tunaulizana, u mzima? Nazi isiyovunjwa ni nzima. Mtu aliyekomaa ni mtu mzima. Na kanisani tunaahidiwa uzima wa milele. Kwa hiyo mtu anapouomba uzima kwa Kiswahili, haombi tu kidonda kifunge. Anaomba asiwe vipande vipande.

Lakini neno lililonishangaza zaidi ni "huruma". Huruma na rehema ni ndugu wa tumbo moja, na hapa sisemi kwa mafumbo. Maneno haya yametujia kutoka Kiarabu, katika mzizi ule ule unaotoa neno la tumbo la uzazi. Wagiriki nao, walipotaka kusema kwamba Yesu alimwonea mtu huruma, walitumia kitenzi kinachotokana na neno la matumbo, yaani zile sehemu za ndani kabisa. Nasi tukimwona mtoto wa mtu akiteseka, twasema tumeshikwa na uchungu, neno lile lile analolitumia mama anayejifungua. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Basi huruma katika lugha zote hizi haianzii kichwani, inaanzia tumboni, nayo ikishakushika huwezi kukaa kitako.

Tukiwa na neno hilo mkononi, hebu tuzifungue Injili.

Katika Marko sura ya 1 anakuja mkoma. Kwa sheria ya siku zile mkoma hakuguswa. Yesu anamhurumia, ananyosha mkono, anamgusa, ndipo mtu anatakasika. Ukiangalia mpangilio, huruma ni ya kwanza, mguso ni wa pili, kupona ni kwa tatu. Yule mtu alikuwa na magonjwa mawili, ngozi na upweke, na mguso uliondoa la pili kabla la kwanza halijaondoka. Halafu anaambiwa nini? Aende akajionyeshe kwa kuhani. Kuhani wa siku zile ndiye aliyekuwa na kazi ya kukagua ngozi na kutangaza kwamba mtu amepona, kama vile leo unavyorudi kliniki kupimwa tena. Nadhani wahubiri wengi wa mabango wameuruka mstari huo.

Ukiendelea utaona kwamba njia hazifanani. Kule Bethsaida kipofu anaponywa kwa awamu mbili: mara ya kwanza anawaona watu kama miti inayotembea, mara ya pili anaona sawasawa. Katika Yohana 9 Yesu anatema mate, anafanya tope, anampaka kipofu machoni na kumtuma akanawe. Katika Agano la Kale mfalme Hezekia anaugua jipu, anaomba, anasikilizwa, na nabii Isaya anaagiza aletewe andazi la tini la kuwekwa juu ya jipu. Maombi yamejibiwa, na bado dawa inabandikwa. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unawataka wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Na Msamaria mwema, mfano tunaoujua tangu Sunday School, hatuambiwi kwamba aliomba hata neno moja. Alimwonea huruma yule majeruhi, akamfunga jeraha akilimiminia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili nyumbani mwa wageni na kuahidi kulipa zaidi akirudi. Bili ya hospitali imo ndani ya Biblia!

Kuna na upande mwingine ambao husomwa kwa haraka. Paulo, aliyewaombea wengi wakapona, aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake mwilini na haukuondolewa. Alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Alimwacha rafiki yake Trofimo mgonjwa kule Mileto. Na katika msafara wake alikuwamo Luka, ambaye Waraka kwa Wakolosai unamwita tabibu mpendwa. Sasa niambie, kama kutopona ni dalili ya imani haba, Paulo tumweke wapi? Wanafunzi walipomwona yule kipofu wa Yohana 9 waliuliza kama ni yeye aliyetenda dhambi au ni wazazi wake. Walijibiwa kwamba si yeye wala si wazazi wake. Ni miaka elfu mbili hivi, na bado mtu akilazwa wodini jirani huuliza swali lile lile kwa sauti ya chini.

Turudi nyumbani. Bonde la Ufa la kati limekuwa na historia ndefu ya jambo hili, nayo imepita njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya hospitali za misheni. Pale Kijabe, juu ya ukingo wa bonde, upepo unapovuma mpaka kofia zinaruka, wamisionari wa Africa Inland Mission walipiga kambi mwaka 1903, na hospitali ikaanza mwaka 1915. Kule Tenwek, katika nchi ya Wakipsigis ambayo sasa ni kaunti ya Bomet, kazi ya matibabu ilianza mwaka 1937 kwa muuguzi mmoja aliyeitwa Gertrude Shryock. Daktari wa kudumu hakufika mpaka mwaka 1959. Huyo alikuwa Ernest Steury, kutoka Marekani, na kwa takriban miaka kumi alikuwa daktari peke yake mahali pale. Hebu fikiria: mama wa kupasuliwa usiku, mtoto wa nimonia alfajiri, mtu aliyechomwa mkuki mchana, wote wanamngoja mtu mmoja. Wenyeji husimulia, na vitabu vimeandika, kwamba alikuwa akiomba pamoja na mgonjwa kabla ya kushika kisu.

Tenwek wana kauli yao, ambayo kwa Kiswahili ni kwamba wao hutibu na Yesu ndiye aponyaye. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani ni unyenyekevu wa kawaida tu, kama mtu anayesema "karibu kwenye kibanda" kumbe ana jumba la vyumba sita. Lakini ukiifikiria ina hesabu ndani yake. Daktari hushona kidonda, hakifungi yeye. Akikata na kushona vizuri kabisa, bado nyama lazima iungane yenyewe, na hilo hakuna sindano inayolifanya. Mkristo husema hapo ndipo Mungu anafanya kazi. Na asiyeamini atakubali angalau kwamba daktari si yeye. Pia kauli hiyo inakataza mambo mawili kwa mpigo mmoja: daktari asijifanye Mungu, na mwombaji asiache kutibu, kwa maana sentensi inaanza na kutibu.

Mahali pengine pa kutazama ni Kijabe tena, ambako hospitali ya watoto wenye ulemavu ya CURE ilifunguliwa mwaka 1998. Watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda hufungwa plasta, wiki baada ya wiki, mpaka mguu unanyooka. Si muujiza wa mara moja. Ni kipofu wa Bethsaida, awamu kwa awamu. Zamani mtoto kama huyo alifichwa nyuma ya nyumba, na mama yake akaambiwa amelaaniwa. Ninaamini plasta ile inanyoosha mguu wa mtoto na kichwa cha mama pia.

Njia ya pili ni ya wale waliosema, Mungu peke yake yatosha. Kwetu Nakuru, Njoro, Molo hadi Nyahururu tunawajua Akorino kwa vilemba vyao vyeupe na ngoma zao. Wamo hata humu shuleni, na ni wanafunzi hodari. Kanisa lao lilizaliwa katika nchi ya Wakikuyu miaka ya 1920, wakati wa ukoloni. Mwanzoni walikataa nguo za Kizungu, shule za Kizungu na hospitali za Kizungu. Sisi tunaosoma leo huona jambo hilo ni ushamba tu. La hasha! Tukumbuke ni nani aliyekuwa na hospitali wakati ule. Mkono uliotoa dawa ulikuwa jirani wa mkono uliochukua shamba na kudai kodi ya kibanda. Mwaka 1934 polisi wa serikali ya kikoloni waliwaua Akorino 3 katika msitu wa Ndarugu. Mtu aliyeona hayo, akaikataa dawa ya mtawala na kumwendea Mungu wake kwa ngoma na maombi, alikuwa na sababu zake. Siku hizi Akorino wengi huenda hospitali, na wengine wamesomea udaktari na uuguzi, ingawa yapo makundi ambayo bado hayaendi. Ninachosema ni kwamba kukataa kule kulikuwa na historia, na historia hiyo ilikwisha mwaka 1963. Anayekataza dawa leo hawezi kujificha nyuma yake.

Wapo waliokataza, nasi tumeona. Mwaka 2011 watu wa hapa waliuza mbuzi wakapanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliyejulikana kama Babu, alisema Mungu amemwonyesha dawa katika ndoto. Alichemsha mizizi ya mugariga, ule mti wa miiba wenye matunda meusi ambayo sisi tumekula tukichunga ng'ombe, Wakikuyu wakiuita mukawa na Wamaasai olamuriaki. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Bei hiyo ni ndogo mno, na kwa hilo nampa heshima Babu: hakuwa tapeli wa kujenga ghorofa. Lakini foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, wagonjwa waliotolewa wodini walifia njiani, na wapo wenye virusi vya UKIMWI walioacha vidonge vyao wakidhani wamekwisha kupona. Babu alifariki mwaka 2021. Mugariga ungali unamea kando ya njia.

Na Shakahola, je? Aprili 2023, katika msitu wa kaunti ya Kilifi, makaburi yalianza kufukuliwa, na miili iliyopatikana ilizidi 400, ikiwamo ya watoto wengi. Waumini waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa pamoja na wenzake. Kabla ya njaa, mafundisho yale yalikuwa yamewatoa watoto shuleni na kuwakataza hospitali. Sitaki kukaa sana hapa. Nitasema tu kwamba palikuwa na imani tele kule msituni. Kilichokosekana ni lile neno letu la tumboni. Mtoto alilia njaa, na mtu mzima aliyesimama karibu alikatazwa kushikwa na uchungu.

Usidhani, msomaji, kwamba napinga watu kwenda kuombewa. Mwezi wa Oktoba Wakatoliki kutoka kila pembe ya Kenya hukusanyika Subukia, kwenye kituo cha hija cha Mama Maria, kwa siku ya kitaifa ya maombi. Ukitoka Nakuru unapita Bahati, kisha barabara inateremka kwa kasi mpaka masikio yanaziba. Pale mlimani kuna chemchemi, na mahujaji huteka maji yake na kuyapeleka nyumbani kwa wagonjwa. Nilikwenda na familia ya rafiki yangu. Niliona mama mmoja mzee akipanda mlima kwa magoti yanayouma, akiwa na kichupa kidogo cha maji ya matunda kilichooshwa. Nikamuuliza, "Nyanya, haya maji ni ya nani?" Akasema ni ya mume wake, aliyekuwa na saratani ya koo. "Atapona?" nikauliza, bila adabu. Alinitazama. "Mwanangu, madaktari wameshasema. Mimi nataka ajue nilimpandia mlima." Nilikosa la kujibu. Kanisa Katoliki lenyewe, tangu mwaka 1972, limefundisha kwamba mpako wa wagonjwa si wa mtu anayekata roho peke yake. Ni wa mgonjwa yeyote mahututi, ili apewe nguvu na faraja, na uzima ikiwa Mungu apenda. Yule nyanya alikuwa ameuelewa mpako huo kuliko mimi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nisilale bila kuandika makala haya, nalo ni kifafa. Sikio langu husikia "kufa" ndani ya neno hilo, na nadhani ndiyo sababu watu hulikimbia. Binamu yangu anakiugua tangu alipokuwa darasa la pili. Alianzishiwa vidonge katika hospitali ya serikali, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na kwa mwaka mzima na nusu hakuanguka. Tukaanza kusahau. Kisha shangazi akaalikwa kwenye maombi ya wiki moja. Sitalitaja kanisa wala mtaa. Mhubiri alimwekea kijana mikono, akatangaza kwamba pepo ameondoka, halafu akauliza kama bado anameza dawa. Shangazi akasema ndiyo. Akaambiwa kuendelea kumeza ni kumwambia Mungu mwongo.

Vidonge vikatupwa chooni. Siku ya nne, jioni, binamu yangu alianguka karibu na jiko. Mkono wake wa kulia uliungua mpaka kwenye kiko. Alitetemeka, akatulia kidogo bila kupata fahamu, akatetemeka tena, na tena. Aliyembeba mpaka barabarani ni jirani mwenye bodaboda, ambaye kwa taarifa yenu haendi kanisa lolote. Alilazwa siku 11.

Daktari alitueleza kinaganaga jambo ambalo kila mtu wa kifafa anapaswa kulijua. Dawa za kifafa, kama fenobabitoni na kabamazepini, haziachwi ghafla. Ubongo uliozoea dawa ukinyimwa mara moja unaweza kuingia katika mshtuko mmoja unaofuata mwingine bila kukoma, na hali hiyo inaweza kuua. Hata daktari akiamua mgonjwa aache, hupunguza kidogo kidogo kwa miezi mingi. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba watu milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo. Fenobabitoni ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa.

Lakini la ajabu kuliko yote ni maneno ya shangazi pale wodini. Hakumlaumu mhubiri. Alijilaumu mwenyewe, kwamba imani yake ilikuwa na ufa. Unaona hatari ya fundisho lile? Mgonjwa akipona, sifa ni ya mhubiri. Asipopona, kosa ni la mama. Ni biashara isiyo na hasara kwa muuzaji.

Nyanya yetu, mama yake shangazi, ndiye aliyemtoa katika shimo hilo. Nyanya ni mtu wa maombi, wale wa kuamka saa kumi za usiku. Alikuja na chupa ya uji na Biblia yake isiyo na jalada. Alimsomea habari ya baba mmoja katika Marko sura ya 9, ambaye mtoto wake alianguka, akatoa povu, akasaga meno, na mara nyingi akaangukia motoni na majini. Habari hiyo hiyo imo katika Mathayo 17, na huko Biblia yetu ya Kiswahili inautaja ugonjwa kwa jina, kifafa. Baba yule alipoulizwa kama anaamini, hakujigamba. Alisema anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Nyanya alifunga Biblia akauliza, "Sasa wewe, huyo baba alikuwa na imani ya kujaa debe?"

"La, mama."

"Mtoto wake alifukuzwa?"

"Hakufukuzwa."

"Basi mpe mtoto uji, halafu mwite sista alete dawa ya jioni."

Tangu siku hiyo shangazi anazo kengele mbili katika simu yake, ya saa kumi na mbili asubuhi na ya saa kumi na mbili jioni. Kengele ikilia, binamu yangu anameza kidonge na shangazi anaomba, mkono ukiwa kichwani mwa mtoto. Sijui kitu gani katika hayo mawili ningemwambia aache. Kidonge bila mkono ule, mtoto angekimeza kama adhabu. Mkono bila kidonge, tumekwisha kuona. Kovu liko pale.

Nilimuuliza yule sista wa wodi ya watoto kama yeye huwaombea wagonjwa. Alikuwa ananawa mikono. Alisema, "Mimi huomba hapa hapa kwenye sinki. Inachukua sabuni na Baba Yetu moja, halafu mikono inakuwa safi." Nikacheka, naye akacheka, lakini alikuwa hasemi mzaha.

Kwa kuwa wenzetu wenye kifafa wako humu shuleni, na wengi wao hawasemi kwa kuogopa kutengwa wakati wa kula, nitamalizia na yale ambayo daktari alituagiza. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa povu, si kwa kula sahani moja. Mwenzako akianguka, usimshike kwa nguvu na usimtie kijiko wala kitu kingine mdomoni. Ondoa kilicho kigumu au chenye moto karibu naye, legeza tai, weka sweta chini ya kichwa. Tazama saa. Mtetemeko ukikoma, mlaze ubavu ili mate yatoke. Ukipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, mwiteni matroni na apelekwe hospitali mara moja. Anayetaka kuomba na aombe akiwa amepiga magoti hapo hapo karibu naye, maana atahitajika kushika kichwa. Akiamka atakuwa amechoka, hajui yuko wapi, na huenda nguo zimelowa. Wengine watoke nje. Mmoja abaki, amfunike shuka, amwambie jina lake na siku ya leo.